Meno ya Difu ya Dabeyl

Mtu akikuambia baba yangu ni kichaa, mwambie amekosea jina. Kichaa hajui afanyalo. Baba yangu, Bule Ogle, alijua vizuri sana siku aliposimama mbele ya kibanda cha chai hapa Garissa, mwaka wa ule ukame wa themanini na nne, akaapa mbele ya madereva tisa: talaka tatu juu ya mke wake Anab kama atapanda gari lolote kabla lori lake mwenyewe, Dabeyl, halijamvusha daraja la Tana. Lori hilo, Bedford la rangi ya samawati, lilikuwa limesimama wiki mbili kwa sababu ya difu, ule mtambo wa nyuma unaozungusha magurudumu. Dereva mmoja alimcheka, akamwambia basi apande nyuma kwake pamoja na mbuzi. Kwa neno hilo moja, na kwa hasira ambayo nami nimeirithi na siionei haya, mzee akajifunga kamba ambayo hakuifungua kwa miaka arobaini na moja.

Talaka tatu si mchezo. Ikiwa moja unaweza kumrudia mke, tatu zimekata. Basi Aabo, ndivyo tunavyomwita baba, hakupanda. Kwenda hospitali alitembea, kwenda mazishini alitembea, na mazishi yakiwa mbali alikwenda juu ya ngamia. Ukazuka mjadala kama mkokoteni wa punda ni gari au si gari, naye akasema hafanyi majaribio kwa kutumia mke wake. Masheikh watatu waliulizwa. Wawili walisema mlango wa kutoka kiaponi upo. Wa tatu akasema yeye haoni mlango, na Aabo akamfuata huyo wa tatu. Mama yangu, Hooyo Anab, ambaye hakuapa chochote, naye akaacha magari. Ukimwuliza sababu anakuambia, "Mwanamume anayeogopa kunipoteza kiasi hicho, nitampitaje barabarani nikiwa nimekaa dirishani?"

Mimi ni Saynab, binti yao. Nauza spea za magari Soko Mugdi, na kwa miaka mingi jambo hili lilikuwa kichekesho cha mji, nami nikicheka na wenzangu. Mwaka huu kicheko kiliniisha. Hooyo ana miaka sabini na tatu, na kitu kimoja tu alichoomba duniani ni kuhiji. Nafasi zao mbili zikatoka. Ndege inaondokea Nairobi, na Nairobi ni zaidi ya kilomita mia tatu. Hooyo akasema bila Bule haendi. Aabo, ambaye magoti yake siku hizi yanamfikisha msikitini tu, akasema kabla ya Dabeyl hapandi kitu. Nilipohesabu siku zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Msidhani nilikuwa nimelala. Miaka miwili nilikuwa nikilifufua lile lori pamoja na fundi wangu Rage, mtu asiyezungumza mpaka aulizwe mara mbili. Tulitoa viota vya ndege kwenye injini. Tulibadilisha pistoni, mipira, nyaya, matairi. Lilinguruma likiwa limesimama, na Aabo alitoka nje akasikiliza, akarudi ndani. Lakini kunguruma si kwenda. Difu ilikuwa bado imekufa.

Ndani ya difu kuna meno mawili: gurudumu kubwa ambalo mafundi huliita kraun, na dogo lake, pinioni. Hayo mawili husagwa pamoja kiwandani, yakapigwa nambari moja, na kutoka hapo ni mke na mume. Ukichukua kraun ya huku na pinioni ya kule, zitalumbana mpaka zivunjane. Nalijua hilo, na bado mwezi wa Rajabu, kwa tamaa, nilinunua Nairobi kraun na pinioni zenye nambari mbili tofauti, muuzaji akiniapia kwamba zitazoeana. Tulipozifunga Dabeyl lilitambaa hatua ishirini likilia kama fisi, kisha tukasikia mlio wa jino kukatika. Rage alinitazama. Sikumpa nafasi ya kunitazama mara ya pili.

Nilitaka meno mapya, ya asili, yaliyotoka kiwandani zamani zile na hayajawahi kufungwa kwenye gari. Nilipiga simu Nakuru, Mombasa, Addis. Kila mahali niliambiwa nimechelewa miaka thelathini. Na ujue kwamba Aabo mwenyewe aliwahi kuyalipia meno kama hayo, kwa ngamia dume, kwa mwenye duka mmoja huko kaskazini, na meno hayakuja. Jina la mtu huyo hakulitamka hata siku moja. Alimwita "yule mwizi" na basi, na ukiuliza zaidi anachukua bakora yake anaondoka.

Halafu Salah akanitumia picha. Salah ni dereva wa malori ya sukari, mdomo hauna kufuli. Picha ilikuwa ya duka moja mjini Bute, Wajir Kaskazini: mwanamke mtu mzima anapaka kitu mafuta, na kitu chenyewe ni kraun inayong'aa kama sarafu, pinioni yake iko kando juu ya karatasi. Niliikuza picha mpaka nikaona nambari. Mbili moja saba, na mbili moja saba. Niliketi chini sakafuni pa duka langu, mbele ya wateja.

Jioni nilimwambia Aabo kwamba kesho naenda Bute kununua meno. Akakunja uso. "Bute hakuna cha kununua," akasema. Nikamwonyesha picha. Akairudisha simu bila kuitazama, akasema watu wamekuwa wakimwimbia Bute tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nikadhani ni magoti yanasema. Ningekuwa na akili siku hiyo, ningeuliza.

Nilifika Bute kesho yake magharibi, nikalala kwa jamaa, na asubuhi nilikuwa wa kwanza dukani. Sikuwa wa kwanza. Kwenye benchi alikuwa ameketi kijana mwenye miwani ya jua na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga mchanga. Jina lake Abdirahim. Kazi yake ni kuwatafutia matajiri wa Nairobi spea za zamani ambazo hazijatumika, wale matajiri wenye magari ya babu zao, wanaoyafuta kwa pamba na kuyatoa Jumapili. Salah, yule yule wa mdomo, alikuwa ameitupa picha kwenye kundi la watu elfu moja.

"Mathe, usijisumbue," akaniambia, akiniita mama kwa lugha ya vijana wa Nairobi. "Niko hapa siku ya pili. Nimetaja bei, nikapandisha, nikapandisha tena. Huyu mama anatabasamu tu na kunipa chai."

Huyo mama, Talaso, alikuwa nyuma ya kaunta anapima majani ya chai. Umri wake kama sitini, ametulia, sauti ndogo. Duka lilikuwa la baba yake, Roba, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Tuliamkiana kwa Kiswahili, maana Kiborana changu ni cha kuombea maji tu. Nilimwuliza kuhusu meno, akaniambia yapo. Nikamtazama Abdirahim nikajisemea: mtoto wa mjini, anataja bei kwa sauti kama anauza nyanya.

Kwetu ngamia hanunuliwi kwa kelele. Mnafunika mikono kwa shuka, vidole vinasema bei, na walio kando wanabaki kusoma nyuso. Nikautandaza mtandio wangu juu ya kaunta, nikaingiza mkono. Talaso akacheka kidogo, akaingiza wake. Nikamshika vidole viwili. Kimya. Vitatu. Kimya. Nikamshika mkono mzima, mara mbili, maana yake nimetaja duka langu na vyote vilivyomo. Talaso akaufumba mkono wake ukawa ngumi. Ngumi haina bei. Ngumi ni kwamba soko hakuna.

"Si kwamba umetaja kidogo, dada yangu," akasema. "Kitu si changu. Ni amana. Kuna mtu alilipa, akasema atakuja kuchukua."

"Lini?"

"Themanini na nne."

Hapo ndipo nilipotoa povu. Sitaficha. Nilimwambia mtu aliyelipia kitu akakiacha miaka arobaini na moja, ama amekufa ama ni mpumbavu. Kama amekufa, Mungu amrehemu na atuachie. Kama ni mpumbavu, basi mpumbavu mmoja hana haki ya kuwazuia wazee wawili wasiende Makka. Niliendelea hivyo kwa muda. Abdirahim alivua miwani ili anione vizuri.

Talaso alinisikiliza mpaka pumzi zikaniishia. Halafu akapanda kigoda, akashusha kisanduku cha mbao kutoka rafu ya juu kabisa. Kilinuka mafuta ya mkia wa kondoo. "Baba alikuwa akiyapaka kila mwaka baada ya Ramadhani, yasishike kutu," akasema. "Akaniachia wasia niendelee. Na mwenyewe ana jina. Usimtukane mtu hujui jina lake."

Akakigeuza kisanduku kwangu. Maandishi yalikuwa ya makaa, yamekolezwa mara nyingi juu ya yale ya zamani: BULE OGLE, GARISSA.

Nilihisi uso unawaka mpaka masikioni. Yule mpumbavu nilimjua. Nilimwacha nyumbani akitafuta bakora yake.

"Huyu ni baba yangu," nikasema.

Abdirahim akacheka. "Mathe, hata mimi kwa meno hayo ningekuwa mtoto wake."

Talaso hakucheka. Akaniuliza, "Baba yako alilipa nini?"

"Ngamia dume."

"Chapa yake ilikuwaje?"

Hilo halikuwa limeandikwa popote. Nikachovya kidole kwenye chai ya Abdirahim, nikachora juu ya kaunta chapa ambayo babu yangu aliichoma kwenye kila ngamia wetu: mstari mrefu, wa pili mfupi ukiukata kichwani, na kitone chini. Talaso aliutazama mchoro, kisha akakipindua kisanduku. Chini yake, kwa ncha ya kisu, Roba alikuwa amechora mstari mrefu, mfupi, na kitone.

Talaso alikaa. Akafuta macho kwa ncha ya shuka. "Yuko hai?" akauliza. "Mwenyewe yuko hai?"

Akanieleza yote. Difu ya Dabeyl ilianza kulia hapo hapo Bute. Roba alikuwa na nduguye Nairobi kwenye duka la spea, akapokea ngamia, akamwahidi baba yangu meno mapya. Aabo akajikokota hadi Garissa na lori likazimika kabisa. Baada ya miezi miwili meno yakafika. Roba akawatuma madereva: mwambieni Bule mzigo wake umefika, aje. Hakuja. Akatuma tena. Kila mwaka alituma. Hakumpa dereva yeyote mzigo wenyewe, kwa sababu mwenye amana alimwambia atakuja kuichukua mwenyewe, na amana haipiti mikono.

"Basi niipeleke mimi," nikasema. "Mimi ni damu yake."

"Wasia wa baba ni nimpe mwenyewe, mkononi."

"Nimpigie simu, umwone kwa picha?"

"Baba hakusema nimwonyeshe. Alisema nimpe."

Nilitaka kugombana tena. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikaitazama ile rafu, ile alama ya kisanduku kwenye vumbi la mbao, miaka yote ile, na nikafunga mdomo. Watu wa namna hii sikuwa na haki ya kuwafokea.

"Dada Talaso," nikasema, "funga duka."

Alifunga. Alivaa viatu vyake vya sikukuu, akakipakata kisanduku kama mtoto mchanga. Na nani alitubeba? Abdirahim, kwa gari lake lenye kiyoyozi. Alisema njia yake ni hiyo hiyo, lakini naona habari ile ilimchoma moyo. Tangu Bute hadi Wajir alikuwa anarudia peke yake: "Ngamia mmoja. Miaka arobaini na moja." Talaso hakukiweka kisanduku chini hata kwenye vizuizi vya polisi. Askari mmoja alimwuliza amebeba nini, akajibu, "Cha mwenyewe," na sijui kwa nini, yule askari akatupisha.

Tuliingia Garissa kesho yake saa nne asubuhi. Zilikuwa zimebaki siku saba. Aabo alikuwa ameketi kivulini kwa ubavu wa Dabeyl, Hooyo kando yake anachambua mchele. Talaso alishuka, akaenda moja kwa moja mbele ya mzee bila kungoja nimtambulishe.

"Wewe ndiye Bule Ogle?"

"Ndiye."

"Mimi ni Talaso, binti Roba wa Bute. Baba yangu anakusalimu. Huu mzigo wako. Anakuomba radhi, umechelewa."

Akauweka mikononi mwake. Aabo alikaa na kisanduku magotini. Alisoma jina lake. Akapitisha kidole chini akaipapasa chapa, kwa sababu siku hizi anakiamini kidole kuliko macho. Kisha baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika kaka yangu, akalia mbele yetu sote na hakuuficha uso.

"Waliniambia," akasema. "Kila mwaka waliniambia. Kila dereva aliyeshuka kutoka kule: Bule, mzigo wako umefika Bute, panda twende. Na wanacheka. Nilidhani wananitega nipande, nimpoteze Anab." Akamtazama Talaso. "Nimemwita baba yako mwizi miaka arobaini na moja."

"Alipata habari," Talaso akasema. "Alisema mwenye mali akikasirika ni haki yake. Atakuja tu."

Hooyo aliuacha mchele, akamshika Talaso mkono, akamwingiza ndani amkaangie nyama. Mimi nilibaki nimesimama pale na hasira zangu zote, sina wa kumpa. Kiapo cha mmoja kilimkataza kwenda, amana ya mwingine ilimkataza kutuma, na wote wawili walikuwa watu wa kweli kupita kiasi. Hakuna mwizi hapo hata mmoja.

Rage alifanya kazi siku mbili. Alifuta yale mafuta ya kondoo kwa heshima, akaziweka kraun na pinioni mahali pake, akazipima. Kuna rangi maalumu ya kupaka meno ili uone yanagusana wapi, na rangi hiyo hatukuwa nayo. Hooyo akatoa hina yake, wakaikoroga na mafuta. Rage aliizungusha kraun polepole, akainama na tochi. Alama ya hina ilikuwa katikati ya kila jino, sawasawa, moja baada ya nyingine.

"Sawa?" nikamwuliza. Kimya. "Rage, sawa?"

"Hizi zilikuwa zinangojana," akasema. Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwake.

Ijumaa baada ya swala tuliwasha. Habari ilikuwa imetangulia. Garissa hauwezi kuficha hata kikohozi. Watu walijipanga kutoka sokoni hadi darajani. Rage ndiye aliyeshika usukani kwa sababu ya macho mabovu ya Aabo, lakini Aabo ndiye aliyemwendesha Rage: weka ya pili, usimkimbize, msikilize, mwache apumue. Hooyo alikaa katikati yao amevaa nguo mpya. Mimi na Talaso tulikuwa nyuma tumeshika mbao, na Abdirahim alitufuata na gari lake huku anapiga picha kwa mkono mmoja, nami nikimfokea ashike usukani.

Difu haikulia. Nilikuwa nimetega sikio kwa mlio wa fisi na nikasikia mvumo tu, mzito, wa kitu kinachofanya kazi yake. Tukaingia darajani. Chini Tana ilikuwa imejaa, maji mekundu. Kwenye kundi la ukingoni niliwaona wazee wawili wa zile siku, madereva wa kibanda cha chai, waliobaki kati ya wale tisa. Mmoja alivua kofia. Nikampungia kwa ukali zaidi ya ilivyohitajika, kwa maana nilikuwa nalia na sikutaka ajue.

Magurudumu ya nyuma yalipotoka darajani, upande wa Madogo, Rage alisimamisha. Kelele zilizopigwa hapo nadhani zilisikika hadi Sangailu, huko mbali kabisa. Vigelegele, takbiri, honi. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na siku mbili nilikuwa nauza spea kwa ishara.

Safari ya Nairobi ilikuwa Jumatatu. Abdirahim alikataa kuondoka siku zote hizo. Alisema atawapeleka wazee mwenyewe mpaka uwanja wa ndege. Matajiri wake hakuwapatia meno, ila alisema amewapatia hadithi. Talaso alingoja pia ili awaage. Aabo alimwambia, "Nikisimama mbele ya Al-Kaaba, dua ya kwanza si yangu wala ya Anab. Ni ya Roba." Talaso akaitikia kwa kichwa, akamkabidhi kile kisanduku kitupu, kwa kuwa hata kisanduku alikilipia yeye.

Hooyo aliingia kwenye gari la Abdirahim kwanza, akapapasa kiti laini, akatulia. Aabo alifika mlangoni akainua mguu mmoja. Akabaki hivyo, mguu hewani, mkono kwenye mlango, mtu wa miaka themanini na miwili mbele ya gari la mtu mwingine. Kiapo kilikuwa kimekwisha tangu Ijumaa na kila mtu mjini alijua. Hata hivyo aliinama akachungulia ndani.

"Anab," akasema, "mimi na wewe bado tuko pamoja?"

"Bado," Hooyo akasema. "Panda, mzee. Mlango ukikaa wazi baridi inatoka."

Akapanda.